Mpiga gitaa asidanganywe na wati anaponunua kasha la spika

MPIGA gitaa anapoingia dukani kutafuta kasha la spika, swali la kwanza analoulizwa aghalabu huwa moja: anataka la wati ngapi? Swali lenyewe si baya, ila limetangulizwa pasipofaa. Wati zilizoandikwa mgongoni mwa spika hazielezi itavuma kiasi gani. Zinaeleza tu ni mzigo gani wa umeme ambao spika hiyo inaweza kuubeba kabla ya kuungua. Mwanamuziki aliyejikakamua akalipia wati 200 anaweza kurejea nyumbani na kasha linalozidiwa kwa sauti na lile la jirani yake lenye wati 60.

Jambo hili lina uzito kwa mpigaji wa kawaida, yule anayecheza kanisani Jumapili, harusini Jumamosi na pengine mkahawani mwishoni mwa mwezi. Yeye hununua kifaa kimoja na kukitegemea kwa miaka mingi. Akikosea katika wati, atapoteza pesa kidogo. Akikosea katika kipimo cha pili, yaani omu, anaweza kuipoteza amplifaya yenyewe, ambayo mara nyingi bei yake huwa juu kuliko ya kasha.

Spika ya gitaa na ya disko

Kasha la spika, au boksi kama mafundi wengi wanavyoliita, ni sanduku lenye spika moja au zaidi linalounganishwa na amplifaya kwa waya. Spika iliyomo si sawa na ya redio wala ya disko. Uzi mzito zaidi wa gitaa hutetema mara 82 hivi kwa sekunde, na spika ya gitaa hutengenezwa ifanye kazi kuanzia mitetemo 75 hadi 5,000 au zaidi kidogo. Kupita hapo hufifia, na ndiyo maana haina twita. Ukomo huo ni faida. Mpigaji anayependa sauti iliyokolezwa ukali akiipitisha katika boksi la disko lenye twita, kinachotoka ni mkwaruzo mfano wa nyuki waliofungiwa mkebeni.

Tarakimu inayofaa kutazamwa kwanza ni ile ya desibeli. Watengenezaji huipima kwa kuipa spika wati moja tu, kisha kupima sauti umbali wa mita moja. Spika za kampuni ya Celestion ya Uingereza ni mfano mzuri: ile iitwayo Greenback hubeba wati 25 na kutoa desibeli 98, Seventy 80 hubeba wati 80 na kutoa desibeli 98 hizo hizo, ilhali Vintage 30 hubeba wati 60 na kutoa desibeli 100. Spika ya wati 80 haizidi kwa sauti ile ya wati 25 zinapopewa umeme sawa, nayo ya wati 60 inazishinda zote mbili.

Tofauti ya desibeli mbili au tatu huonekana kama mzaha. Hesabu yake si ya mzaha. Kila nyongeza ya desibeli tatu ni sawa na kuzidisha nguvu ya amplifaya maradufu. Amplifaya ya wati 20 ikiunganishwa na spika ya desibeli 100 hufikia desibeli 113 kwa umbali wa mita moja. Amplifaya hiyo hiyo ikiunganishwa na spika hafifu ya desibeli 91, ingelazimu iongezewe nguvu hadi wati 160 ili isikike vivyo hivyo. Mwenye pesa chache basi, badala ya kuwazia amplifaya kubwa, atafute spika yenye desibeli 97 kwenda juu. Spika isiyo na tarakimu hiyo popote, si kwenye lebo wala kwenye maelezo ya mtengenezaji, inafaa kushukiwa.

Hesabu hiyo inamhusu pia anayefanyia mazoezi katika chumba cha kupanga. Spika ya desibeli 97 inapopewa wati moja tu tayari imefikia kiwango ambacho, kwa mujibu wa kanuni za taasisi ya NIOSH ya Marekani, sikio la binadamu halifai kukistahimili kwa zaidi ya nusu saa kwa siku. Kanuni hizo huruhusu saa nane kwa desibeli 85, na muda hupunguzwa nusu kwa kila desibeli tatu zinazoongezeka. Hapa Kenya, kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinampa jirani aliyenyimwa usingizi mahali pa kupeleka malalamiko. Kwa hivyo, asiyetoka chumbani mwake na gitaa hana haja ya kasha lolote. Kipokea sauti cha masikioni kitamtosha na kumwachia pesa za kununulia nyuzi. Kasha ni la yule ambaye lazima asikike mbele ya ngoma.

Omu ndizo huunguza

Nyuma ya kila spika na kila amplifaya pana tarakimu nyingine, 4, 8 au 16. Hizo ni omu, kipimo cha ukinzani ambao spika huuwekea mkondo wa umeme. Wauzaji wengi huipita tarakimu hii kimyakimya, ilhali ndiyo inayopaswa kuulizwa kabla ya bei.

Amplifaya za transista, ambazo ndizo nyingi na nafuu zaidi, huwekewa kiwango cha chini zaidi cha omu. Iwapo imeandikwa kwamba isipungue omu 4, kasha la omu 4, 8 au 16 linaweza kuunganishwa bila wasiwasi. Omu zikiongezeka, nguvu hupungua. Amplifaya inayotoa wati 50 kwa omu 4 hutoa karibu nusu yake kwa omu 8, na sikio haliutambui upungufu huo sana kwa kuwa ni wa desibeli tatu tu. Hatari iko upande wa pili. Ikishushwa hadi omu 2, mkondo hufurika, transista hupata joto na kabla ya wimbo wa tatu kwisha huenda moshi ukaonekana.

Amplifaya za valvu, zile zenye mirija ya kioo inayong'aa kama balbu, zina masharti makali zaidi. Hizi huwa na transfoma kati ya valvu na spika, na matundu ya nyuma huandikwa 4, 8 na 16. Kasha la omu 8 huchomekwa penye 8, si kwingineko. Na kamwe amplifaya ya valvu isipigwe ikiwa haijaunganishwa na spika, hata kwa majaribio ya dakika moja, kwani nguvu isiyo na pa kwenda hurudi kuiunguza transfoma. Kuisuka upya transfoma hiyo ni kazi ghali, na mafundi wanaoijua vyema si wengi.

Makosa mengi hutokea pale ambapo mtu mwenye kasha moja anapoongeza la pili. Makasha mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba, kama matundu mengi ya amplifaya yanavyounganisha, hayawi omu 16 wala hayabaki 8. Huwa omu 4. Kasha la omu 8 na la omu 16 pamoja huwa omu 5.3. Anayepanga kununua kasha la pili siku za usoni afikirie mapema: makasha mawili ya omu 16 yatampa omu 8 barabara.

Lebo nayo si ushahidi wa kutosha, hasa kwa boksi lililopitia mikono ya mafundi kadhaa. Mita ya fundi ya bei ya chini hutoa jibu kwa dakika moja. Waya huchomekwa kwenye kasha, na ncha zake za upande wa pili hupimwa. Spika ya omu 8 husoma kati ya 6 na 7, ile ya omu 4 husoma 3 na ushei, nayo ya omu 16 husoma kati ya 11 na 13. Tarakimu huwa chini kidogo kwa sababu mita hupima waya uliotulia, si spika inayocheza. Ikisoma sufuri, pana waya zilizogusana. Isiposoma chochote, koili imekatika au waya umeng'oka.

Baada ya omu ndipo wati zinapopata nafasi yake. Spika ibebe zaidi ya nguvu ya amplifaya. Kwa amplifaya ya valvu ya wati 20, spika ya wati 30 hadi 60 ni salama, kwa kuwa valvu zinaposukumwa hadi mwisho hutoa zaidi ya zilichoandikiwa. Spika mbili zenye omu sawa katika kasha moja hugawana mzigo nusu kwa nusu, hivyo spika ya wati 60 ikipangwa na ya wati 25, kasha zima hubeba wati 50 tu. Ile dhaifu ndiyo inayoamua.

Spika moja au nne?

Picha za makasha makubwa yenye spika nne, mawili yamepandana nyuma ya mpigaji, zimewapotosha vijana wengi. Makasha hayo yalitokana na mahitaji ya London ya miaka ya 1960. Jim Marshall, aliyeanza kuuza amplifaya zake mwaka 1962, aliyatengeneza kwa ajili ya wapigaji kama Pete Townshend wa kundi la The Who waliotaka gitaa livume kuliko ngoma na kelele za mashabiki. Wakati huo mitambo ya ukumbini ilibeba sauti ya mwimbaji peke yake, na gitaa lilipaswa kujitegemea.

Siku hizi hata kanisa la mtaani lina mitambo na maikrofoni ya ziada. Maikrofoni ikiwekwa mbele ya spika moja ya inchi 12, ukumbi mzima husikia gitaa. Pasipo maikrofoni, spika hiyo moja bado inatosha mkahawa au hema la harusi la kadiri. Amplifaya ya Fender Deluxe Reverb, iliyotolewa Marekani mwaka 1963 ikiwa na wati 22 na spika moja ya inchi 12, imetumika katika kumbi ndogo kwa miongo kadhaa. Isitoshe, kasha la spika nne hupita kilo 30 kwa urahisi. Utingo atadai nauli yake, na bodaboda haitalichukua.

Spika mbili za inchi 12 zina nafasi yake kwa bendi inayocheza mara kwa mara katika hoteli zenye uwanja. Zile za inchi 10 ni nyepesi na hujibu haraka, ila upande wa sauti nzito hupungukiwa kidogo. Kwa anayenunua mara moja, ya inchi 12 ndiyo chaguo lisilojutisha.

Benga si roki

Sehemu kubwa ya ushauri unaochapishwa kuhusu spika umeandikwa kwa wapigaji wa roki. Hao hupenda spika inayoanza kupasua sauti mapema, kwa maana mpasuko huo ni sehemu ya muziki wao. Ndiyo maana Greenback ya wati 25 imesifiwa mno. Sifa hiyo haimfai kila mtu.

Tangu enzi za D.O. Misiani na kundi lake la Shirati Jazz, gitaa la benga limekuwa la noti zinazofuatana kwa kasi, nyembamba na zenye kumeta, nyingi zikipigwa juu ya shingo la gitaa. Rumba ya Kongo ina tabia hiyo hiyo, na nyimbo za injili za makanisa mengi zimefuata mkondo huo. Mpasuko ukiingia hapo, noti mbili huwa kama moja na ule mnyumbuko wa gitaa la solo hupotea. Mpigaji wa aina hii anahitaji spika inayobaki safi hata ikisukumwa: ibebe wati 60 hadi 100 ingawa amplifaya yake ni ya wati 30 au 40, na desibeli zisipungue 97. Kinachotakikana ni kile ambacho amplifaya ya Roland JC-120 ya Japani imesifiwa kwacho tangu ilipotolewa mwaka 1975, yaani usafi wa sauti kupitia spika mbili za inchi 12.

Mpigaji wa sauti safi ana ahueni nyingine ambayo mwenzake wa roki hana. Boksi la jukwaani lenye spika ya inchi 12 na twita, ambalo pengine kanisa au kikundi tayari linalo, linaweza kumhudumia vyema iwapo hatumii ukali. Kabla ya kununua lolote, alijaribu hilo kwanza.

Kinyume chake hakikubaliki. Gitaa la besi lisichomekwe kwenye kasha la gitaa la solo, hata kama tundu linaingiana. Uzi mzito wa besi hutetema mara 41 kwa sekunde, nusu ya ule wa gitaa, na karatasi ya spika husukumwa mbele na nyuma kupita mipaka yake mpaka ikararuka au koili ikatoka njiani. Kinanda nacho kina noti za chini namna hiyo. Makasha mengi ya makanisa na shule yameharibika hivi, na lawama zikamwangukia muuzaji.

Mgongo wazi, mgongo uliozibwa

Makasha mengine huachwa wazi nyuma, mengine huzibwa kwa ubao. Lililo wazi hutawanya sauti mbele na nyuma, hivyo wanabendi wote waliosimama karibu husikia gitaa. Linafaa chumba cha mazoezi na jukwaa dogo. Lililozibwa hutoa sauti nzito iliyokazwa na kuielekeza mbele. Gitaa la benga au rumba halidai uzito mwingi, kwa hivyo la mgongo wazi humtosha mpigaji wake, na ni jepesi zaidi kubeba.

Kwa aina zote mbili, sauti kali hutoka kwenye spika kama mwanga wa tochi. Mpigaji aliyeliweka kasha sakafuni na kusimama karibu nalo husikia uzito tu, huongeza ukali kwenye amplifaya, na hadhira iliyo mbele huumia masikio. Masikio hayako magotini. Kuliinua kasha juu ya kiti au kuliegemeza kwa nyuma humaliza shida hiyo bila senti moja kutumika.

Kuhusu mbao, plaiwudi ya milimita 15 hadi 18 ndiyo inayopendelewa. Ubao wa chembechembe zilizogandishwa kwa gundi ni rahisi, lakini ni mzito, parafujo hulegea humo, na ukinyeshewa au ukikaa katika unyevu wa Mombasa hufura. Fender walitumia mbao za msonobari miaka ya 1950, na makasha yao ya wakati huo bado yanapigwa.

Hapa ndipo pesa zinapookolewa. Seremala hodari wa Gikomba au wa mji wowote anaweza kutengeneza kasha tupu, kisha spika ikanunuliwa peke yake. Kwa spika moja ya inchi 12, kasha la sentimita 50 kwa upana, 45 kwa kimo na 28 kwa kina linafaa. Tundu la spika huwa la sentimita 28 hivi, lakini lipimwe kwa spika iliyopo mkononi, si kwa kukisia. Gundi na parafujo zitumike badala ya misumari pekee, kwani ubao uliolegea hata kidogo huimba pamoja na gitaa. Kasha la gitaa halina masharti makali ya ujazo kama la besi, na sentimita moja ikizidi hapa au kupungua pale haiharibu kitu.

Anayenunua lililotumika alifungue na kuitazama spika yenyewe, maana jina la mbele ya kasha halina uhusiano wa lazima na kilichomo ndani. Karatasi isiwe na mpasuko. Isukumwe polepole kwa vidole vya mikono miwili kwa usawa. Ikikwaruza, koili imeharibika. Harufu ya kuungua karibu na sumaku ni ishara hiyo hiyo. Betri ya voti 1.5 ikiguswa kwenye miguu ya waya, karatasi inapaswa kuruka kidogo na kutoa mlio. Hatimaye gitaa lipigwe, uzi mzito ukiwa peke yake, sauti ikipandishwa taratibu, ili mtetemo wowote wa kasha usikike.

Waya wa kuunganisha kasha si ule wa gitaa, ingawa vichwa vyake vinafanana. Waya wa gitaa una uzi mwembamba wa shaba uliozungukwa na wavu, na haukutengenezwa kubeba mkondo wa amplifaya. Hupata joto, na ukikatika katikati ya wimbo huiacha amplifaya ya valvu bila spika. Waya wa spika wenye nyuzi mbili nene zinazolingana ndio wa kuulizia, na katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, huuzwa kwa mita na kufungwa vichwa papo hapo.

Wanaoletewa vifaa kutoka ng'ambo wakumbuke jambo moja zaidi. Amplifaya ya Marekani hutumia voti 120 na ya Japani voti 100, hivyo haziwezi kuchomekwa kwenye voti 240 za hapa bila kifaa cha kupunguza umeme. Kasha tupu la spika lisilo na amplifaya ndani halina tatizo hilo, litoke nchi yoyote ile.